Baa, Ukumbi au Tawi: Kikundi cha Muziki wa Jadi wa Kiayalandi Kianzie Wapi?

Ndugu mmoja anayeishi Limerick alinipigia simu wiki iliyopita. Watoto wake wawili wanajifunza filimbi shuleni, jirani yake anapiga fidla, na mwenye baa ya pembeni amewaambia: njooni kila Jumatano usiku, kona ile ni yenu, chai nitawapa mimi. Akataka kujua akubali au akatae. Tukaongea karibu saa nzima. Nilipokata simu nikaona afadhali niyaandike, maana si yeye wa kwanza kuniuliza. Watoto wetu huku Ayalandi wanarudi nyumbani na filimbi ya bati mkobani, na mzazi aliyezaliwa Kigoma au Mombasa anajikuta amebebwa na muziki ambao hakukua nao.

Mimi nakaa mji mdogo wa kaunti ya Clare, magharibi ya nchi, mwaka wa tisa huu. Nimekulia Tanga na nimepiga dufu madrasani tangu utotoni. Siku niliyoliona bodhrán kwa mara ya kwanza, ngozi ya mbuzi iliyowambwa kwenye duara la mbao, nilihisi nimekutana na ndugu wa baba mmoja. Tofauti ni kwamba wao hulisimamisha juu ya paja, hulipiga kwa kijiti kifupi, na mkono wa pili hukaa nyuma ya ngozi, ukiibana na kuiachia ili sauti ipande na kushuka. Tangu siku hiyo nimeshiriki kuanzisha vikundi viwili. Cha kwanza kilikufa kabla hakijatimiza mwaka. Cha pili kiko hai, na Jumanne hii tulikuwa watu ishirini na wawili.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni kikao cha baa, wenyewe wanakiita seisiún. Wapigaji wanakaa kuzunguka meza moja, hakuna jukwaa wala kipaza sauti, na wateja wanaendelea na mazungumzo yao. Mara nyingi mwenye baa huwalipa wapigaji wawili watatu ili wawe nguzo, wawepo mvua inyeshe isinyeshe. Waliobaki wanakuja kwa mapenzi yao.

Ya pili ni duara la wanaojifunza, ambalo hufanyika kwenye ukumbi wa parokia, wa shule au wa maktaba. Lahani ni zile zile za baa, ila mwendo ni wa polepole, mtu mmoja anaongoza, na ukikosea mnarudia.

Ya tatu ni kufungua tawi la Comhaltas Ceoltóirí Éireann, chama kilichoanzishwa Mullingar mwaka 1951 wakati watu waliohofia muziki huu kufa walipoamua kuushika. Leo kina matawi zaidi ya 400 ndani na nje ya Ayalandi. Tawi kwa Kigaeli ni craobh, na kama kwetu, neno hilo hilo ndilo la tawi la mti.

Kuna na ya nne, jikoni kwako. Nitaifikia.

Kwa asiyeujua muziki wenyewe, niseme kidogo. Hapa hakuna kiongozi wa bendi wala sehemu za kugawana: wote wanapiga lahani moja, kila mmoja akiipamba kwa mkono wake. Lahani ni fupi, kwa kawaida ina sehemu mbili, kila sehemu ina vipimo vinane na hupigwa mara mbili, halafu yote inarudiwa tena mara mbili au tatu kabla ya kuhamia lahani nyingine bila kusimama. Mahadhi yake ni ya ngoma za kucheza: rili, jigi, polka, honpaipu. Kwa hiyo anayezijua lahani thelathini anaweza kukaa karibu na meza yoyote ya dunia na kupata pa kuingilia. Asiyezijua atakaa kimya usiku mzima hata kama ni fundi wa chombo chake, na hapo ndipo chaguo la mahali pa kuanzia linapoanza kuuma.

Baa si kwao kwa asili

Nianze na jambo linalowapotosha wageni wengi, na lilinipotosha mimi pia. Unapofika Ayalandi unaukuta muziki huu baa, kwa hiyo unadhani ulizaliwa humo na kwamba ukiupiga kwingine unaucheza nusu. Sivyo. Kwa vizazi na vizazi ulikaa majikoni. Jirani walikusanyika kwenye nyumba moja, viti vikasukumwa ukutani, mtu akapiga fidla na wengine wakacheza sakafuni mpaka usiku mkubwa. Mwaka 1935 ikaja sheria ya kumbi za dansi iliyotaka dansi za hadhara ziwe na leseni, na namna mapadri na polisi walivyoitumia iliwafikia hata watu wa majikoni. Muziki ukahamia kwenye kumbi kubwa zenye bendi.

Kikao cha baa kama tunavyokijua leo kilipata umbo lake kwa wahamiaji, London, baada ya Vita Kuu ya Pili. Walikuwa vibarua wa ujenzi waliopanga vyumba, na mwenye chumba cha kupanga hana jiko la kukaribisha watu ishirini. Baa ndiyo ilikuwa jiko lao. Baadaye mtindo huo ukarudi nyumbani. Hata kabla yao, Chicago, mtu aliyezaliwa kaunti ya Cork mwaka 1848, Francis O'Neill, alipanda mpaka kuwa mkuu wa polisi wa mji ule kuanzia 1901 hadi 1905, na muda wote huo alikuwa akikusanya lahani kwa wahamiaji wenzake. Mwaka 1903 akachapisha lahani 1,850. Wapigaji wa Ayalandi kwenyewe walijifunza kutoka kwenye kitabu kilichotoka Marekani.

Nayasema haya kwa sababu utakapoanzia ukumbini, mtu atakuja kukuambia kwamba muziki wa kweli uko baa. Mwambie kwa adabu kwamba baa ilichaguliwa na watu waliokosa pa kukaa, na wewe pia unachagua kulingana na ulichonacho.

Watoto kwanza, na hapa sina haraka

Kikundi chetu cha kwanza kilikuwa cha baa. Tulikuwa saba, tukapewa kona karibu na moto wa mboji, ule udongo mkavu wa kinamasi wanaouchoma kama kuni, saa 3 na nusu usiku, kila Alhamisi. Wiki ya pili akaja mama mmoja na binti yake wa miaka kumi na miwili, na filimbi ya bati iliyofungwa utepe wa bluu ili isichanganyike na za wenzake darasani. Binti yule alijua jigi tatu vizuri sana. Sheria ya Ayalandi inasema aliye chini ya miaka 18 awe ametoka baa ifikapo saa 3 usiku, na kuanzia Mei hadi Septemba saa 4. Aliye chini ya miaka 15 hata kabla ya hapo lazima awe na mzazi au mlezi. Ilikuwa Novemba. Mwenye baa, na alikuwa na haki kabisa, aliwaambia taratibu kwamba haiwezekani. Tukajaribu kuanza saa 2. Wapigaji wakubwa wakawa bado hawajafika, binti akapiga jigi zake tatu na mimi na dufu tu, na saa yake ya kuondoka ikafika wakati fidla ya kwanza ndiyo inafunguliwa. Wiki ya nne hakuja. Bado naikumbuka filimbi ile yenye utepe.

Ongeza na hili la kwetu. Nyumba nyingi za Waislamu, na za Walokole vile vile, mlango wa baa hauingiliki. Mke wangu hakuwahi kukisikia kikundi cha kwanza hata siku moja. Familia ya Kikongo tuliyosali nayo Iddi uwanjani, ambayo watoto wake wote wanapiga kitu, isingekuja. Mimi niliingia, nikanywa chai yangu, nikapiga, nikatoka, na sina la kumlaumu mtu; lakini kikundi cha mtaa kinachoacha nje nusu ya mtaa kinajinyima. Kuna pia Waayalandi wengi tu walioacha pombe na hawataki kukaa karibu nayo. Sikuwajua mpaka tulipohamia ukumbini, wakaanza kujitokeza mmoja mmoja.

Ukumbi unaondoa tatizo la saa na la mlango, lakini unaleta lake. Mkikusanya watoto mara kwa mara na kuwafundisha, sheria ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika 2016, inataka anayewafundisha ahakikiwe na polisi kwanza. Na mtu hawezi kwenda kujiombea mwenyewe: maombi hupitia taasisi iliyosajiliwa kwa kazi hiyo. Kikundi kidogo kisicho na jina wala katiba ni vigumu kupata pa kupitia. Sisi miezi ya kwanza tuliweka sharti moja: mtoto haachwi mlangoni, mzazi anakaa naye kwenye duara mpaka mwisho. Tulidhani wazazi watalalamika. Wakanunua filimbi. Hivi sasa wanne kati ya wapigaji wetu wa kudumu ni kina mama waliokuja kusubiri watoto.

Kwa tawi, hapa ndipo lilipo na nguvu. Chama kina utaratibu wake wa ulinzi wa watoto na uhakiki unapita kwake, kwa hiyo mnaweza kufungua madarasa ya kweli, fidla chumba hiki, konsatina (kinanda kidogo cha mvukuto cha mkononi) chumba kile, mwalimu akalipwa. Na kuna Fleadh Cheoil, tamasha la mashindano. Mtoto anaanzia kaunti, akishinda anakwenda mkoa, kisha fainali za taifa mwezi wa Agosti; 2024 na 2025 zilifanyika Wexford. Wanashindana kwa rika: chini ya miaka 12, 12 hadi 15, 15 hadi 18, na wakubwa. Kwa kawaida jina la mtoto hupelekwa na katibu wa tawi.

Je, mashindano ni mazuri? Nimeona mtoto akifanya mazoezi ya lahani mbili miezi sita mpaka akazichukia. Nimeona pia kijana aliyekuwa hatoki chumbani kwake akipata marafiki wa maisha kwenye basi la kwenda fainali za mkoa. Nadhani kikundi kisiyaguse mwaka wa kwanza. Watu wajue kwanza kupiga pamoja bila kupewa alama.

Mwendo

Rili kwenye kikao cha kawaida hukimbia mapigo 110 kwa dakika na zaidi. Sisi huanzia 60. Ukitaka kujua tofauti ya baa na ukumbi kwa wanaoanza, ni namba hizo mbili.

Jumanne ya kwanza ya ukumbini ilikuwa na baridi ya Januari. Tulipanga viti kumi na vitano vya plastiki, wakaja tisa. Aliyeongoza ni mzee mkulima wa ng'ombe ambaye fidla yake ilikuwa ya mama yake. Hakutoa maelezo. Alipiga vipimo viwili tu vya polka moja ya kusini, akanyamaza, akainua nyusi. Tukarudisha vibaya. Akapiga tena vile vile, bila kuongeza nguvu wala kupunguza. Mara ya tano wanne walikuwa wameshika. Akaongeza vipimo viwili. Baada ya nusu saa sehemu ya kwanza yote ilikuwa vidoleni, bila karatasi hata moja. Aliyetaka kuandika aliandikiwa herufi za noti ubaoni baada ya kuimaliza kwa sikio. Na simu zote zikatolewa kurekodi mara ya mwisho, ili kila mtu aende nayo nyumbani.

Dufu langu usiku ule lilikuwa limelegea kwa unyevu, linatoa sauti ya sanduku la maboksi. Nikafanya tulivyofanya Tanga, pale moto ulipokuwa ni wa makuti: nikalisogeza kwenye moto, ila huu ulikuwa hita ya ukutani. Mzee akaweka upinde chini. "Usilikaribishe sana," akaniambia, "likikauka litapanda mpaka lichanike. Lilegee kidogo, kisha lipe kiganja." Akanionyesha namna ya kuipasha ngozi kwa kuisugua kwa kiganja. Hakuna mtu ambaye angenionyesha hivyo baa, si kwa ubaya, ila kelele na kasi haziachi nafasi.

Lakini na baa nayo ina chuo chake. Kule unajifunza kusikiliza. Unajifunza kwamba usipoijua lahani unatulia, na kwamba bodhrán ni moja kwa wakati mmoja. Wakiwepo wawili mnapokezana. Unajifunza kuomba ruhusa kwa macho kabla ya kukaa, na kutoanza lahani mpya juu ya mtu anayepumua kabla ya kuanza ya kwake. Unamsikia mpigaji aliyepiga miaka hamsini akipiga lahani uliyodhani unaijua. Duara la ukumbini lisilowahi kuwapeleka watu wake kwenye kikao cha kweli linageuka kuwa darasa lisilo na mtihani wala mahafali, watu wanazunguka lahani kumi zile zile. Sisi mara moja kwa mwezi tunakwenda baa, wanaotaka, Jumapili alasiri. Mchana watoto wanaingia na wazazi wao bila shida.

Gharama

Hapa baa inashinda wazi. Hamlipi ukumbi, hamlipi umeme, na mwenye baa anawapa vinywaji. Ukumbi sisi tulianza na euro 20 kwa saa, saa mbili kwa wiki, na kila mtu mzima anatoa euro 4, mtoto hatoi. Walipokuja chini ya kumi tulitoboa mfuko. Tawi nalo lina ada ya uanachama ya mwaka na ada ya madarasa yenu, ila wanachama wengi hufanya ukumbi na walimu viwezekane. Kila halmashauri ya kaunti ina ofisa wa sanaa, na kumpigia simu mapema ni bure. Kwa kawaida fedha za umma huenda kwa kikundi chenye katiba na akaunti, kwa hiyo duara la kienyeji hubaki kando.

Kuhusu vyombo, msimruhusu mtu aingie kwa kununua ghali. Filimbi ya bati ya ufunguo wa D ni euro 10 hadi 15 na inatosha mwaka mzima, kwa sababu lahani nyingi zipo kwenye D na G. Bodhrán la kuanzia ni kama euro 100. Fidla ya kukodi ni bora kuliko ya kununua, hasa kwa mtoto anayekua. Anayetamani uilleann pipes, zumari ile inayopewa upepo kwa mvukuto wa kiwikoni, na ambayo upigaji wake UNESCO iliutambua kama urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017, mwelekezeni kwa Na Píobairí Uilleann, jumuiya ya wapigaji wake iliyoanzishwa 1968, kabla hajatoa senti. Chombo kamili ni maelfu ya euro na mafundi wana foleni ndefu.

Makaratasi na bima

Baa: hakuna. Leseni na bima ni za mwenyewe.

Ukumbi: tulidhani hakuna, tukakosea. Mwezi wa pili kamati ya ukumbi wetu wa kwanza ilituuliza cheti cha bima, ile ya kulipa mtu akijikwaa kwenye mfuko wa gitaa akavunjika. Hatukuwa nacho. Wiki tatu tukakaa nje, na katika wiki hizo tatu tulipoteza watu wanne ambao hawakurudi tena. Ulizeni siku ya kwanza, kabla ya kutangaza: bima ya ukumbi inawafunika wanaokodi, au mnatakiwa kuja na yenu? Kumbi nyingine zinawafunika, nyingine hazigusi.

Tawi lina zaidi ya yote: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mkutano mkuu kila mwaka, kumbukumbu za vikao, na juu yenu bodi ya kaunti, baraza la mkoa na baraza kuu lenye makao Monkstown, Dublin. Kwa waliokulia kwenye kamati za harusi na vyama vya kuzikana, hili halitishi. Kinamama wa kwetu wakishika uhazini hakuna senti inayopotea. Fedha za kikundi tunaziweka kwenye chama cha akiba na mikopo cha mji, maana huku nako wana vyama kama sakosi zetu, na vingi vinafungua akaunti za vikundi bila usumbufu wa benki.

Nani atakibeba kikichoka

Hili watu hawaliulizi mwanzoni, na ndilo lililoua kikundi chetu cha kwanza, hata kuliko suala la watoto. Kikao cha baa kinasimama juu ya mtu mmoja ambaye si mwanamuziki: mwenye baa. Wetu alikuwa mtu mwema. Ila mechi zilipohamia Alhamisi akawasha runinga, kwanza bila sauti, kisha kwa sauti. Hatukuwa na mkataba wa kumwonyesha. Tukahamia Jumatatu, watu wakapungua, mpigaji fidla pekee aliyebaki akapata kazi Dublin, na basi.

Duara la ukumbini linasimama juu ya mtu mmoja pia, yule anayeongoza na kushika funguo. Akiugua, kimya. Dawa yake ni kuwa na wawili tangu siku ya kwanza, wa pili akiongoza angalau wiki moja kwa mwezi hata kama bado ni mbichi. Mzee wetu alilisisitiza hili mwenyewe. Mwezi wa tatu alikuja, akakaa kiti cha nyuma, akasema leo simfundishi mtu.

Tawi linasimama juu ya viti vya uongozi. Mtu akiondoka kiti kinabaki na mwingine anakalia. Ndiyo maana kuna matawi yaliyowazika waanzilishi wao na bado yana madarasa Jumamosi asubuhi. Hasara yake ni kwamba muda mwingi unakwenda kwenye ajenda, na mtu aliyekuja kupiga rili anajikuta anajadili mabenchi. Nimekaa kikao cha kamati cha saa mbili ambacho hakikupigwa lahani hata moja, na nilirudi nyumbani nimechoka kuliko siku ya kufyeka.

Na jiko? Jiko ni zuri kwa watu wanne au watano wanaojuana. Halina gharama, halina saa, na chai ni ya nyumbani. Lakini mgeni hawezi kugonga mlango wa mtu asiyemjua. Liwe la mazoezi ya katikati ya wiki, au mahali pa kuanzia mpaka muwe sita. Mkishafika sita, tokeni.

Kwa hiyo uchague nini

Kama wewe tayari unapiga, una lahani zako thelathini, huna mtoto wa kumleta na baa haikusumbui, nenda baa, wala usianzishe jambo. Tafuta kikao kilichopo, kaa pembeni wiki mbili tatu, halafu uliza.

Kama mna watoto, au wanaoanza, au jamaa wasioingia baa, chagua ukumbi. Saa 12 na nusu jioni, saa moja na nusu ya muziki na nusu saa ya chai. Nusu saa ile msiipunguze hata muda ukibana, maana ndipo watu wanapoambiana majina. Lahani moja mpya kwa wiki mbili. Mtu mmoja wa kuongoza na mmoja wa kumrithi.

Kama mmefika familia kumi na tano na mnahitaji walimu, anzeni mazungumzo na Comhaltas. Ila kabla ya kufungua tawi, angalieni kama lipo tayari jirani; kwa Ayalandi kuna uwezekano mkubwa lipo ndani ya mwendo wa nusu saa kwa gari. Wengi hawafikirii kwamba unaweza kwenda kwao na kusema: sisi tuna watu na tuna ukumbi, tufanye duara la polepole chini ya jina lenu. Sisi ndivyo tulivyofanya mwaka wa pili. Suala la uhakiki wa polisi likaisha, wao wakapata watoto tisa wapya, na hakuna aliyelazimika kuandika katiba. Walioko London, Reading au Toronto wanaweza kuuliza vivyo hivyo, kwani matawi yapo Uingereza na Amerika Kaskazini pia. Sheria za watoto na baa zitakuwa za huko, kwa hiyo ziulizieni upya.

Ndugu wa Limerick nilimshauri asiikatae kona ile, amwombe tu mwenye baa ibadilike iwe Jumapili saa 9 alasiri, mara moja kwa mwezi. Jumatano atafute ukumbi. Jana usiku kanitumia ujumbe: shule ya watoto imewapa darasa, bima ya shule inawafunika, jirani wa fidla amekubali kuongoza, na binamu yake mkewe ataongoza wiki ya nne. Viti ni vya darasa la kwanza. Nimemwambia waende hivyo hivyo, na mtu asisahau birika.